TAHARIRI: KIBAO CHA PEMBE NANE NI CHETU PIA



Kila asubuhi tunawaona wenzetu wakishuka na mikungu ya ndizi kwenda sokoni Morogoro. Mteremko unawasukuma, na wakifika penye barabara kubwa hawasimami. Ukiwauliza, wanasema ati kibao kile ni cha magari. Si kweli. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikumwacha nje mwenye baiskeli.

Kibao chekundu cha pembe nane maana yake simama kabisa, mguu chini, tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Umbo lile ni lake peke yake, kwa hiyo hata ambaye hajafika darasa la kisomo anakitambua, hata kikiwa na tope.

Tunajua kusimama na mikungu mitatu ni kazi, na kuondoka tena ni kazi zaidi. Basi shukeni, msukume. Ila kandambili kwenye gurudumu si breki jamani, hasa masika! Tunaiomba halmashauri ya ushirika itoe pesa ya mipira ya breki kabla mvua hazijaanza, na baiskeli zikaguliwe hapa ghalani kabla ya kupakia. Mkutano ujao tulitolee uamuzi.