HAKI YA MWIZI NA YA ALIYEIBIWA

Mkulima wa Mgori aliyeporwa ng'ombe zake usiku husononeka asikiapo kwamba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, imempa ushindi mfungwa wa ujambazi. Uchungu huo twauelewa. Aliyeibiwa naye ni binadamu.

Lakini, ndugu wananchi, yatupasa kuisoma hukumu kabla ya kuilaani. Tarehe 20 Novemba 2015, katika shauri la mtu aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, Mahakama hiyo haikusema kuwa hana hatia, wala haikuamuru afunguliwe. Ilisema alistahili kupewa wakili. Mwaka 2017 Bunge letu lenyewe lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria.

Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kupeleka mashauri Arusha moja kwa moja. Basi wajibu umezidi kuwa wetu. Polisi wapeleleze kwa bidii, mashahidi wafike, mshtakiwa apate wakili, rufani isikawie. Kesi ikiendeshwa kwa haki, mwizi hatapata pa kushika. Tena tukumbuke: leo kizimbani yumo jambazi, kesho yumo mfanyakazi aliyesingiziwa. Hasira hasara.