Haya si ya yule aliyeumizwa

Wakati shimo linaanguka, mwenye kuchimba anajua vile inapita: mumoja anakimbia, mwengine anapiga kelele, wa tatu anakauka pale pale, miguu inakataa. Kamituga ao Misisi, hakuna mutu anayemuambia yule wa tatu kama alipenda udongo umufunike.

Lakini mwanamuke akibakwa kwenye njia ya shamba, akirudia nyumbani, swali la kwanza ni: «Juu ya nini haukupiga kelele?» Toka siku hiyo anaanza kujificha, na nyumba yote inaficha pamoja naye.

Hapa Bukavu, hospitali ya Panzi, ambayo Dokta Denis Mukwege alianzisha mwaka wa 1999, haitibu mwili tu. Kuko wapsikologi, kuko wanasheria, kuko mafundisho ya kazi za mikono. Juu kidonda kinaweza kufunga, na haya ikabakia ndani. Mupsikologi anamueleza mugonjwa kama mwili uliokauka ulikuwa unatafuta kupona; haikuwa kukubali. Hamulazimishe kusimulia yote. Anasema kidogo kidogo, siku anayotaka mwenyewe.

Kazi ingine inabakia kwetu, nyumbani. Sheria ya 2006 ya inchi yetu inaazibu mwenye kubaka kwa miaka 5 mpaka 20 ya gereza. Kwa mwenye kubakwa, haikuweka azabu hata moja. Sisi ndio tunamuazibu, wakati tunamutengea sahani yake, wakati bwana anahama kitanda juu ya masemi ya majirani.

Ndugu muchimbaji, ukikuta mambo hayo kwako, umupeleke bibi hospitali mbele ya saa 72, apate dawa ya kuzuia SIDA. Kama saa zimepita, umupeleke vilevile. Na wewe ingia naye, usibakie kwenye mulango.

Wewe pia unaweza kuwa na haya yako. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua ilijaza mashimo ya Kamituga na makumi ya watu wakafia ndani. Mwenye kupona anaweza kujiuliza miaka mingi juu ya nini yeye alibaki. Hiyo pia inasemwa kwa mupsikologi, na haipunguze mwanaume.

Leo magaribi, mbele ya kuuliza swali lolote, umuambie bibi ao dada yako: «Haiko kosa yako.» Kisha unyamaze, umusikilize.