BARAZA YA MWALIMU: Kamba Iliyoteleza

Mwaka huu nimeona niache habari za shule, nizungumze habari za kamba. Najua wengine mtacheka. Malvern iko mbali na bahari, na kinachopita hapa Jules Street ni magari tu. Lakini mpwa wangu hufanya kazi ya kutengeneza yoti kule Deneysville, kando ya Bwawa la Vaal, mwendo wa saa moja na zaidi kuelekea kusini. Bwawa lile lilimalizwa kujengwa mwaka 1938 ili watu wapate maji, na hivi leo matanga yake ni mengi kama ya bandari ndogo.

Jumapili moja ya kiangazi alikuja kwangu mkono umefungwa bendeji. Baada ya kuamkiana alitoa chombo kidogo mfukoni, akakiweka juu ya meza ya barazani.

"Mjomba, hiki ndicho kilichonichuna kiganja. Na mwenye yoti anasema sikukifunga."

Kwanza niwaelezeni chombo chenyewe. Katika mashua zetu za pwani, foromali ikishapandishwa, henza huzungushwa kwenye mti na kufungwa. Katika yoti za siku hizi, henza hushuka mlingotini, ikapita ndani ya kibano, kisha ikaenda kwenye winchi. Vibano hupangwa ubavu kwa ubavu, hata winchi moja ikatumikia kamba nyingi. Ndani ya kibano mna kipande cha chuma chenye meno, ambacho mafundi hukiita kemu, na chini yake mna sahani. Ukilaza mpini, kemu huibana kamba juu ya sahani. Kadiri tanga linavyovuta, ndivyo kemu inavyozidi kukaza.

Basi siku ile upepo wa mvua ya radi ulipiga alasiri, kama kawaida ya huku wakati wa kiangazi. Henza ilianza kuteleza kidogo kidogo. Kijana akaidaka kwa mkono, na hapo hapo ikakimbia yote.

Tulifungua kibano kwa bisibisi. Meno ya kemu yalikuwa yamelika, butu kama meno ya mzee, na katikati yake mmejaa nyuzi zilizoyeyuka. Hiyo ni alama ya mpini kufunguliwa huku kamba imebeba mzigo. Yapasa kwanza uzungushe kamba kwenye winchi, uukaze mpaka winchi ichukue mzigo wote, ndipo ufungue mpini. Asiyefanya hivyo huiacha kamba ipite kwa kasi juu ya meno. Kamba huungua na meno huisha.

Kijana akafurahi. "Umeona, mjomba? Kosa si langu."

Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Umeniletea mtuhumiwa mmoja, wa pili umemwacha. Kamba iko wapi?"

Akanyamaza. Nikavaa miwani, nikasoma namba zilizochorwa ubavuni mwa kibano: milimita 10 hadi 12. Nikamwuliza unene wa henza. Akatazama chini, akasema ni milimita 8. Aliibadilisha yeye mwenyewe miezi michache nyuma. Dukani aliambiwa kamba mpya ina nguvu kuliko ile ya zamani, na bei ilikuwa nafuu. Mwenye yoti hakuambiwa.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Ile haikukatika, maana nguvu ilikuwa nayo. Lakini nguvu ya kamba ni jambo moja, na kushikwa kwake ni jambo jingine. Kemu imetengenezwa izunguke mpaka ikutane na kamba ya kiasi fulani; ikikuta nyembamba, hufika mwisho wa mzunguko wake kabla haijabana sawasawa. Meno yaliyolika na kamba nyembamba vilisaidiana.

Akaniuliza afanye nini. Alitaka anunue kemu mpya, aifunge kimya kimya, mambo yaishe. Nikamwambia, "Mwanangu, kiganja kilichochunika safari hii ni chako. Safari ijayo kitakuwa cha mtoto wa watu. Na ukinyamaza, kila chombo kitakachoharibika utashikwa wewe."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda sote wawili. Alimweleza mwenye yoti yote mawili, la meno na la kamba. Mzee yule alinyamaza muda mrefu, nami nilidhani kazi imekwisha. Kisha akasema kwamba wageni wake ndio waliokuwa wakifungua mpini bila winchi, naye aliwaona wala hakuwakataza. Akalipa kemu na sahani yake. Kijana akalipa ala ya kuinenepesha kamba.

Haya ndiyo tuliyoyafanya, nayaandika kwa faida ya vijana wetu wenye kazi kama hizi. Kibano kilioshwa kwa maji ya vuguvugu na mswaki, bila mafuta yoyote kwenye meno. Meno ya zamani hatukuyapiga tupa, kwa sababu tupa hupunguza chuma na kuongeza nafasi. Tulibadilisha kemu na sahani pamoja. Sehemu ya henza inayokaa ndani ya kibano tuliivika ala ya kusuka mpaka ikafika milimita 10, tukazishona ncha zake. Kisha tukafunga uzi mwekundu kwenye kamba karibu na kibano, tukakaza kwa winchi, tukalegeza winchi na kukiachia kibano mzigo wote. Uzi ulisogea kidogo kemu ilipokuwa inakaa, kisha ukatulia. Tulikunywa chai, tukarudi, tukaukuta pale pale.

Tulipokuwa tukingoja kemu mpya, henza ilizungushwa kwenye winchi na kufungwa kama mashuani. Hesabu yake nawapeni wanafunzi: ikiwa msuguano ni 0.25, mzunguko mmoja kamili huwezesha mkono wenye nguvu ya kilo 1 kuzuia karibu kilo 5. Mizunguko mitatu huzuia zaidi ya kilo 100. Manahodha wetu waliyajua hayo kwa mikono yao.

Kijana yuko kazini hadi leo, na kiganja kimepona. Sasa kila abadilishapo kamba husoma kwanza namba za kibano, akamwambia mwenye chombo kabla hajafungua mkoba wa zana. Mwenye swali na aniletee barazani kabla ya kitabu cha mwakani.

Wasalaam,
Mwalimu wenu, Malvern