NANI HUPANGA USHURU WA MCHELE?



Labda wewe ni mkulima wa mpunga. Unajua gharama za kulima, kupanda na kupalilia. Lakini bei ya mchele wako hutegemea pia ushuru wa forodha.

Mchele unaotoka nje ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru bandarini. Kiwango cha pamoja hakipungui asilimia 75. Maana yake, mchele wa shilingi 1,000 hulipiwa ushuru usiopungua shilingi 750. Kiwango kikishushwa, mchele wa nje huingia kwa wingi, na bei ya mchele wako huanguka. Mwaka 2013 Serikali yetu iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru ili watu wa mijini wapate nafuu. Wakulima waliumia.

Je, nani hupanga kiwango hicho? Darasani wengi hujibu, "Bunge." Katiba yetu ya 1977, ibara ya 138, inasema kodi haitozwi ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Lakini jibu hilo ni nusu tu. Tangu tarehe 1 Januari 2005 tuna forodha ya pamoja na jirani zetu. Sheria yake ilitungwa na Bunge la Afrika Mashariki, lililoko Arusha. Viwango, hata hivyo, hubadilishwa na Baraza la Mawaziri la Jumuiya. Nchi ikitaka kiwango chake kwa mwaka mmoja, huwaomba mawaziri hao. Kenya imeruhusiwa hivyo kutoza mchele asilimia 35. Viwango vipya huanza tarehe 1 Julai. Wakati huo wewe umekwisha kuvuna!

Sisemi mawaziri wanyang'anywe kazi hiyo. Njaa haingoji kikao cha Bunge. Mwaka wa ukame lazima waweze kufungua mlango upesi. Lakini ruhusa hiyo iwe na mwisho, kisha waziri aje bungeni aeleze: tani ngapi zimeingia? Nani alipewa kibali? Mkulima amepata hasara gani? Ni kweli, mawaziri wetu nao ni wabunge. Lakini katika Baraza lile huketi kama mawaziri, na mbunge uliyemchagua wewe hayumo.

Akija kijijini, muulize ushuru wa mchele mwaka huu ni asilimia ngapi, na yeye alisema nini juu yake.