NANI ANASHIKA UFUNGUO WA KALASI?



Wenzangu wa kalasi ya mwisho waliniomba niandike barua. Barua ile ingesema kama sisi wanafunzi hatutaingia kalasi mpaka waalimu wetu wapate mushahara wao. Karatasi iko tayari na majina 43. Jina langu haliko. Juu ya jambo hilo wengine wameanza kuniita mutoto wa biro, na usiku wa juzi katika chumba cha kulala mutu mumoja aliimba neno hilo mpaka taa ikazimwa. Basi nitajibu hapa, mbele ya macho ya wote. Kujibizana gizani hakufai.

Kwanza mujue kama sisemi waalimu wako na makosa. Mwalimu anayefundisha na tumbo tupu, sisi wote tunamuona, hata chaki inamushinda kushika. Wala sisemi kama kukataa kalasi ni zambi siku zote. Neno langu ni moja: mbele ya kufunga mulango, tujue nani anashika ufunguo, na siku gani ataufungua. Katika karatasi ile nilitafuta mambo hayo mawili, sikuyaona.

Nilianza kufikiri hivi juu ya habari za Kameruni. Inchi ile iko na majimbo 10. Majimbo 8 yanatumia Kifaransa, na 2, Kaskazini-Magharibi na Kusini-Magharibi, yanatumia Kiingereza, kwa kuwa nyuma ya vita ya kwanza ya dunia Wafaransa na Waingereza waligawana koloni lile la Wajerumani. Watu wa Kiingereza waliungana na wenzao mwaka 1961 kwa mupango wa shirikisho. Mwaka 1972 shirikisho likafutwa, na manunguniko hayakuisha tena. Mwezi wa 10 wa 2016 mawakili walitoka barabarani, na tarehe 21 mwezi wa 11 waalimu nao wakaacha kufundisha. Neno lao lilikuwa wazi: serikali ilikuwa inatuma katika masomo yao waalimu wasiojua Kiingereza vizuri. Mutoto anatayarisha egzameni kwa Kiingereza, na mwalimu anamufasiria fizike kwa Kifaransa. Sisi ambao tuliacha Kiswahili ku mulango wa kalasi ya tatu na tukaanza kukariri Kifaransa kama kasuku, tunaelewa kilio hicho bila mafasirio.

Ni kusema, mugomo ule ulianza juu ya kulinda masomo. Waalimu wenyewe ndio walioufanya. Lakini tuangalie ginsi ulivyoendelea. Mwezi wa 1 wa 2017 serikali ilikataza chama kilichoongoza mugomo, wakubwa wengine wakafungwa, wengine wakakimbia, na intaneti ikakatwa katika majimbo yale mawili kwa siku 93. Wale waliokuwa na uwezo wa kusema «sasa turudi» walikuwa ndani ya gereza ao mbali. Ufunguo ukaanguka chini, na kila mwenye bunduki aliona anaweza kuuokota. Wakati vita ilipowaka mwishoni mwa mwaka ule, watu waliotaka kujitenga walisema masomo yabaki yamefungwa, na mwalimu ao mutoto aliyeonekana na kitabu aliweza kupigwa, kukamatwa, ao kuuawa. Kila siku ya kwanza ya juma ikawa siku ya muji kufa: hakuna soko, hakuna gari, hakuna kalasi.

Hesabu yake ni nzito. Mwezi wa 11 wa 2019 UNICEF ilisema kama watoto zaidi ya 855.000 wa majimbo yale hawakuwa wanasoma, na kama karibu 90 kwa 100 ya masomo ya serikali ya primere yalikuwa hayafanyi kazi. Mwezi wa 11 wa 2018 masomo ya Presbiteri ya Nkwen, karibu na Bamenda, yaliingiliwa usiku, na wanafunzi karibu 80 wakachukuliwa pamoja na mukubwa wa masomo yao. Wanafunzi waliachiliwa nyuma ya siku chache, na kanisa likawarudisha wote kwao na kufunga masomo. Mimi nasoma habari hiyo kama mwanafunzi wa masomo ya Misheni anayelala hapa ndani, na nawaambia kweli, niliangalia dirisha. Tarehe 24 mwezi wa 10 wa 2020, mu Kumba, watu wenye silaha waliingia kalasi mchana na kuua watoto 7 ao zaidi.

Wala musifikiri kama upande wa serikali ulikuwa safi. Mwezi wa 2 wa 2020, katika kijiji cha Ngarbuh, askari wa serikali waliua raia, na watoto walikuwa kati yao. Serikali ilikana kwanza, nyuma yake ikakubali kama askari wake walikuwamo. Mutoto alikuwa kati ya bunduki mbili, na kitabu chake hakikuzuia hata moja.

Mwaka ule wa 2020 baadhi ya wale waliotaka kujitenga, wakiwa ng'ambo, walianza kusema kama watoto warudi kusoma. Wengine wakakataa. Sasa muzazi wa kijijini atasikiliza yupi? Mutoto aliyekuwa na miaka 6 wakati waalimu walipoanza kugoma alikuwa na 10 wakati wakubwa hao walikuwa wanabishana, na pengine hajajua kuandika jina lake.

Katika mukutano wetu ndugu mumoja alisimama na kusema: «Na Soweto? Kama wale watoto wangengojea kapita wao afikiri, Afrika ya Kusini ingekuwa wapi?» Watu walicheka sana, na mimi pia. Lakini nilienda kusoma. Tarehe 16 mwezi wa 6 wa 1976 wanafunzi wa Soweto walitoka juu ya neno moja ambalo kila mutu aliweza kulisema: hatutaki kufundishwa kwa Kiafrikaans. Polisi walipiga risasi, watoto wakafa, na serikali ile iliondoa lazima ya Kiafrikaans mbele mwezi wa 7 haujaisha. Miaka 9 nyuma yake, mwaka 1985, neno lilikuwa limebadilika: uhuru kwanza, masomo baadaye. Hapo hakuna aliyejua siku ya kurudi. Na ni wazazi wa Soweto waliofanya komite, wakaita mukutano mukubwa mu Johannesburg mwezi wa 12 wa 1985, pamoja na wanafunzi na waalimu, na wakapatana watoto warudi mwisho wa mwezi wa 1 wa 1986, na wakaandika yale wanayodai. Serikali haikuwapa yote. Hata hivi walirudia mukutano mwezi wa 3 mu Durban, na wakachagua kuendelea na mapigano ndani ya kalasi, kwa kubadilisha mafundisho yenyewe. Huyu ndugu yetu alitaja Soweto ya 1976 na akaacha hii ya 1985. Vilevile hakusema kama masomo ya weusi kule yaliumia kwa muda murefu: katika egzameni ya mwisho ya 1989 hata nusu ya wanafunzi weusi hawakupita.

Sasa kwetu. Wazee wetu wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1990, wakati Zaire ilikuwa inatikisika na Leta ilishindwa kulipa waalimu. Waalimu waligoma muda murefu. Nani alifungua mulango? Wazazi. Walikubali kutoa makuta yao juu ya mwalimu, kwa muda kidogo tu, ndivyo walivyofikiri. Muda ule kidogo ulifika mwaka 2019 ku primere, wakati Leta ilitangaza masomo ya bure, na ku sekondari bado tunalipa. Mama yangu anauza mihogo juu ya mugomo uliofanywa mbele mimi sijazaliwa. Kwa hiyo wakati mutu ananiambia «tufunge tu, wakubwa watajua wenyewe», nauliza nani atalipa, na kwa miaka mingapi.

Na nyinyi wa kalasi yangu, mumesahau? Katika mwaka wetu wa tatu mugomo wa waalimu ulitukamata majuma 6. Tuliporudi, tulipewa pointi, hatukupewa masomo. Sura ya logaritmi iliandikwa ku ubao kwa saa moja, tukaikopi, ikaisha. Mimi ni kapita wenu na natumiwa kusaidia wadogo hesabu, na juma lililopita mutoto aliniuliza logaritmi ni nini, nikamwambia aende kuuliza Mwalimu. Nilisikia haya. Egzameni ya Leta haitauliza kama tuligoma kwa sababu nzuri.

Kuna neno lingine sikulisema katika mukutano. Yule mwenzetu aliyetoka Goma, ambaye masomo yake yalifungwa mwezi wa 1 wa 2025 wakati vita iliingia muji, alikaa nyuma. Wakati mikono iliinuliwa, yeye hakuinua mukono wa ndiyo, hakuinua wa hapana. Nilimuuliza kando sababu gani. Alisema: «Kule hatukupiga kura.» Kisha akaenda kuchota maji.

Karatasi iko ndani ya sanduku langu, sikuipasua kama wengine wanavyosema. Nimeacha mistari mitatu mitupu chini ya majina. Wa kwanza: tunaomba nini, kwa nani, maana Bwana Prefe hana sanduku la mishahara ya Leta. Wa pili: nani atasema turudi. Wa tatu: tarehe. Wazazi wa komite waitwe pia, sababu makuta ni yao. Siku ya posho nyuma ya kazi za mikono nitakuwa chini ya muembe na karatasi na kalamu mbili. Kama mistari ile itajazwa, nitaandika jina langu la 44.