Umemaliza KCSE? Daftari la hesabu lisiwashe jiko bado

Wasee wa Subukia na Nakuru ambao KUCCPS imewapeleka uhandisi wa umeme, hii ni yenu.

Mimi baada ya KCSE nilikaa nyumbani karibu miezi tisa. Nilishinda stejini nikirekodi video na watu wa boda. Kila mtu aliniambia pumzika, umesoma vya kutosha. Na nilikuwa na A ya hesabu, nani angenishtua?

Chuoni, wiki ya tatu, mwalimu akaandika j ubaoni. Nikadhani ni vekta. Kumbe ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata hasi moja. Watu wa hesabu huiita i, lakini kwa umeme i tayari ni mkondo, ndiyo maana wahandisi wakachukua j. Hiyo kitu haiko kwa silabasi ya KCSE. Akaieleza dakika kumi, akasonga. Mimi nikabaki hapo. Mwaka wa pili nilikuwa na sapu nne, nikaacha. Mathe alikuwa ameuza ndama wawili nilipe karo. Ndiyo, kulikuwa na mambo mengine, lakini hesabu ndiyo ilianza.

Kinachoniuma ni kwamba msingi nilikuwa nao, niliuacha tu ukashika kutu. Stima ya nyumbani ni volti 240, sivyo? Manze, hiyo 240 si kilele. Ni wimbi linalopanda hadi karibu volti 339, linashuka hadi hasi 339, mara 50 kila sekunde. Ni ule mchoro wa sine wa Fomu 4 tuliochora tukilalamika. Na matriksi? Utazitumia kutafuta mkondo kwa saketi yenye njia nyingi.

Kwa hivyo mimi nasema saa moja kila siku: trigonometria, logi, matriksi, kalkulasi ya Fomu 4, halafu hiyo j polepole. Usilipie kozi ya mtu, hata nikikuuzia mimi. Karatasi za KCSE za zamani zinatosha kuanza. Na video peke yake inadanganya, unahisi umeelewa. Zima simu, fanya swali mwenyewe, utajijua.

Najua wengi mnapalilia mahindi ya watu mpate nauli ya kuripoti. Basi nusu saa.

Mdogo wangu anaripoti Septemba. Tumeanza na logi, jikoni, kabla ya kukamua. Jana alinishinda maswali mawili, na bado ananicheka.