Taa ya Kijani Haitoshi

Vijana wa unga, leo tuongee kuhusu ile mashine ambayo wanunuzi wakubwa wamewabana mpaka mkainunua: kigunduzi cha chuma. Wengi mmejikamua, wengine kwa mkopo, na sasa taa ya kijani ikiwaka mnaona kazi imekwisha. Mimi taa ya kijani siiamini.

Juzi juzi nilipita kwa kikundi kimoja kinachosaga unga wa lishe. Pasafi, kofia wamevaa, kigunduzi kinang'aa pale mbele ya mashine ya kufungia pakiti. Nikaomba vipande vya kujaribia. Wakatafuta weee, vikapatikana kwenye droo, bado vimo kwenye nailoni vilivyokuja nayo. Tukaficha kimoja ndani ya pakiti, tukapitisha. Mashine ikalia vizuri kabisa, halafu pakiti ikaendelea na safari yake hadi kwenye katoni! Kumbe ule mkono unaosukuma pakiti mbovu pembeni unatumia upepo, na kompresa ilikuwa imezimwa, eti kuokoa umeme. Tangu lini? Hakuna aliyekumbuka. Dada anayepakia akaniuliza, "Sasa afisa, turudishe kuanzia za siku gani?"

Jibu ni kwamba unarudi mpaka jaribio la mwisho lililofaulu. Wao hawakuwa nalo hata moja. Kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wa mashaka, wa stoo na wa madukani. Walipiga simu, wakabeba aibu, katoni zikarudi na zote zikapitishwa upya. Pakiti moja ilitoka na kijipande cha chekeche la kinu, kidogo kama punje ya mchele. Unga ule ulikuwa wa uji wa watoto.

Ndiyo maana nikiulizwa tujaribu mara ngapi kwa siku, nami nauliza: una uwezo wa kuzuia pakiti ngapi bila biashara kufa? Tuseme unazalisha kilo 500 kwa saa, pakiti za kilo moja. Ukijaribu kila baada ya saa nne, jaribio likifeli unashika pakiti 2,000. Ukijaribu kila saa, unashika 500. Jaribio lenyewe ni dakika chache tu. Piga hesabu mwenyewe, usisubiri mkaguzi akupangie. Zaidi ya hapo, jaribu kabla ya pakiti ya kwanza ya siku, unapobadilisha bidhaa au ukubwa wa pakiti, baada ya fundi kugusa mashine, na mwisho wa kazi. Hili la mwisho ndilo watu wanaruka kwa sababu wamechoka. Ukiliruka, mzigo wa saa ya mwisho hauna ushahidi, na gari likishaondoka utaukimbiza barabarani.

Vipande viwe vitatu: cha chuma cha kawaida, cha metali isiyo na sumaku kama shaba, na cha stenlesi. Msiniambie cha chuma kinatosha. Stenlesi ndiyo ngumu kugunduliwa, na mashine nyingi za chakula zimetengenezwa kwayo, kwa hiyo bolti ikichomoka huenda ni yenyewe. Sumaku mliyoweka kwenye mdomo wa kinu iacheni, inasaidia, ila stenlesi nyingi haizishiki, na shaba ndiyo kabisa. Ukubwa wa vipande utategemea tundu la mashine na bidhaa yako. Kubaliana na fundi siku ya kufunga mashine, andika, na usibadilishe kimya kimya.

Kipande kiweke ndani ya pakiti halisi, kipite karibu na katikati ya tundu kadiri inavyowezekana, maana pale katikati ndipo mashine huwa dhaifu zaidi. Kukipitisha kwa mkono pembeni kabisa ni kujidanganya. Kisha usisikilize mlio tu. Fuata pakiti kwa macho mpaka uione imeangukia kwenye sanduku la mbovu. Hiyo pakiti ya majaribio ifunge utepe mwekundu, isije ikauzwa. Nacheka, lakini ni kosa linalotokea.

Jambo moja linaniudhi kweli. Mashine ikianza kukataa pakiti nzuri, kijana anapunguza ukali wake ili kazi iende. Tafuta sababu kwanza: mkanda una chuma kimenasa? Mtetemo wa kinu umezidi? Unga umeingia wa moto au una unyevu? Ukali ubadilishwe na mtu mmoja anayejulikana, na baada ya hapo vipande vyote vitatu vipite tena.

Daftari liwe rahisi: saa, bidhaa, vipande vitatu vimepita au havikupita, jina la aliyejaribu. Likifeli, simamisha, tenga mzigo wote tangu jaribio zuri la mwisho, rekebisha, jaribu, ndipo urudie kupitisha. Na tafadhali msijaze safu nzima asubuhi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, tunaona.

Kikundi kile sasa wanajaribu kila saa, na anayeshika vipande ni yule dada wa kupakia. Walimpa pia ruhusa ya kuzima mkanda bila kumuuliza mwenyekiti. Mwenyekiti hakupenda mwanzoni.